Konkombre za chumvi na aneti: namna ya kuzitengeneza nyumbani hapa Goma, toka soko mpaka sahani

Watu wengi hapa Goma konkombre (matango, kwa ndugu zetu wa Tanzania) wanaijua mu saladi tu, unakata, unatia tomate na kitunguu, vinegre kidogo, inaliwa ile saa ile ile basi. Sasa kuko ile nyingine yenye inauzwa mu bokali za Ulaya ku maduka makubwa ya mjini, chachu, inalia mu meno, inanukia aneti (mmea wa kiungo, nitaueleza kule chini) na kitunguu saumu. Hiyo njo nataka tuitengeneze nyumbani, na kila hatua nitaitolea sababu yake, juu ukijua sababu hautapotea hata siku ukikosa kitu kimoja.

Neno langu kubwa ni hili: hii kazi si ya vinegre, ni ya chumvi, maji safi na kungoja, na Goma ni mahali pazuri kabisa pa kungojea. Bakteria zenye zinaleta ule uchachu zinafanya kazi muzuri kati ya digri 18 na 24. Joto likipita 27 konkombre zinalainika haraka na ladha inaharibika. Sisi tuko ku mita karibu 1.500 juu ya bahari, ziwa lenyewe liko ku 1.460, na ndani ya nyumba mwaka mzima tunazunguka pale pale ku digri 20. Mtu wa Uvira kule chini ku Tanganyika anapigana na joto, wa Lubumbashi mwezi wa kumi vile vile, ila wewe wa Himbi ao Katindo ao Majengo unaacha bokali ku kona ya nyumba na hali ya hewa inakufanyia kazi bure. Bukavu pia ni hivyo hivyo.

Hii desturi ni ya watu wa Poland, Ukraine, Urusi na nchi za jirani zao. Kule baridi ikianza shamba linalala miezi mingi, kwa hiyo walijaza konkombre mu mapipa na chumvi, aneti na kitunguu saumu ili wakule mboga wakati wa theluji. Wayahudi wenye walihama kutoka kule mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 waliifikisha New York, na kutoka pale Marekani yote ikaipenda. Ya kwao ya asili haina vinegre hata tone, ni maji ya chumvi tu. Ile ya vinegre ni njia ya haraka, nayo nitaieleza kule chini, lakini naomba ujaribu ya chumvi kwanza.

Aneti, anza nayo juu njo itakuchelewesha

Konkombre, chumvi, kitunguu saumu, hivyo vyote unapata ile siku unataka. Aneti hapana. Ni mmea wa majani membamba membamba sana, yanafanana na ya karoti lakini laini zaidi, na ua lake ni la njano, linafunguka kama mwavuli. Usichanganye na fenuyi, yenye majani karibu sawa, ile ukisugua mu vidole inanukia anisi, tamu tamu. Aneti inanukia kivyake, mbichi, na kali kidogo mu pua.

Kama haupati majani, tafuta mbegu kavu kwa wauza viungo, hasa maduka ya Wahindi. Mbegu inatosha kabisa kwa konkombre, na mi naona hata inapita majani, juu majani peke yake yanapoteza harufu haraka mu maji ya chumvi. Kipimo ni kijiko kimoja cha chai kilichojaa, ao viwili ukipenda harufu nyingi, kwa bokali ya lita moja.

Mwenye ana kipande cha parsele, nakushauri upande. Udongo wetu huu mweusi wa volkano unapitisha maji haraka, aneti inapenda hivyo, haipendi kusimama mu maji. Panda mwanzo wa mvua, mwezi wa tisa ao wa tatu. Mwaga mbegu pale pale penye itakulia, funika na udongo mwepesi wa nusu sentimita tu, juu mbegu yake inapenda mwangaza, kisha mwagilia pole pole. Usipande mu kitalu ukifikiria utahamisha, mzizi wake ni mmoja mrefu unashuka chini, ukiung'oa mmea unakasirika na unatoa maua kabla ya wakati. Inaota kama siku 10 mpaka 14. Majani unaanza kuchuma kisha wiki sita hivi, na maua yanakuja kisha kama miezi mbili ao zaidi kidogo. Kile kichwa cha maua njo mali yenyewe: kikate wakati maua ni ya njano na mbegu za kwanza zimeanza kutoka zikiwa kijani bado. Vichwa viwili mu bokali ya lita tatu, nyumba nzima itajua.

Ukikosa kabisa, weka mbegu za koriandre na majani ya seleri. Haitakuwa ya aneti tena, ila itakuwa chakula kizuri na utakuwa umejifunza kazi.

Ku soko

Enda asubuhi. Konkombre yenye imelala soko siku mbili imeshapoteza maji, ndani inaanza kuwa na uwazi, na hakuna chumvi wala dawa yenye itairudishia ugumu wake. Zenye zinafaa ni fupi, nene kadiri ya vidole viwili, urefu wa sentimita 8 mpaka 12, ngozi yenye vipele vipele, kijani ya giza, ngumu hata ukizifinya ku ncha zote mbili.

Shida ni kwamba mama wa soko anapanga mbele zile kubwa juu njo watu wanataka. Ukimwambia "Mama, nichagulie zile ndogo ndogo," atakuangalia. "Hizo ni changa, mwanangu, hazijakomaa." "Hizo hizo mama, njo nazitaka." Basi anafungua mfuko wa nyuma, ule wa zile zenye alitaka kuacha, na mara nyingi anakupatia nyongeza. Ukishaelewana naye, mwambie aongee na mwenye shamba awe anakuchumia zikiwa changa, kila juma. Hapo unapata konkombre za jana jioni, na hapo njo kazi inakuwa tamu.

Kama ni zile ndefu za ngozi laini tu njo ziko, usirudi mikono mitupu. Zikate kwa urefu vipande vinne, kama ziko na mbegu kubwa zitoe na kijiko. Zitakuwa laini kidogo kuliko ndogo nzima na zinaiva haraka, siku nne mpaka saba, lakini zinakulika muzuri. Zenye zinang'aa juu ya nta, kama zile za kutoka mbali, acha, chumvi haipenyi mu nta.

Kabla ya kulipa, onja moja. Kata ncha ya upande wa kikonyo, ramba. Kama ni chungu, uchungu hautatoka mu chumvi, utabaki.

Ukifika nyumbani zioshe, kisha zilaze mu beseni ya maji ya baridi saa mbili tatu. Zinakunywa maji na zinakaza tena.

Maji, hapa tusifanye mchezo

Goma tunajua kipindupindu, hakuna mwenye ataniuliza kwa nini. Kuko watu wanafikiri chumvi inaua kila kitu. Haiui. Kidudu cha kipindupindu kinavumilia chumvi muzuri kabisa, chenye kinakimaliza ni moto, na uchachu ukishapanda, lakini siku za kwanza uchachu bado hauko. Kwa hiyo maji yote, ya kuoshea mara ya mwisho, ya kulaza konkombre, ya kutengeneza maji ya chumvi, yachemshe mpaka yaruke kweli kweli, uyaache pale dakika chache, uyafunike, yapoe. Na mikono na sabuni.

Kuchemsha kunasaidia tena jambo la pili. Maji ya robine ao ya kamyo yanatiwa klori, na klori inaua pia zile bakteria zetu za muzuri. Ukichemsha inatoka. Usitie maji yakiwa moto juu ya konkombre kwa hii njia ya chumvi, yangoje yawe ya baridi kabisa, juu bakteria zenye tunazitaka ziko juu ya ngozi ya konkombre yenyewe, hatununui popote. Ukizimwagia maji moto umeziua, halafu utakaa unangoja uchachu wenye hautakuja.

Chumvi, pima

Kipimo: gramu 50 mpaka 60 za chumvi kwa lita moja ya maji. Gramu 50 kama ni ndogo ndogo na utakula ndani ya juma moja ao mbili, gramu 60 kama unataka ziende wiki tatu ao nne. Kama hauna mizani ya jikoni, vijiko vitatu vya supu vya chumvi laini, vilivyosawazishwa na kisu, vinatoa kama gramu 54, na hapo uko katikati. Hiyo ni kwa chumvi laini tu. Ya mawe mawe inaacha nafasi mu kijiko na itakudanganya, ipeleke ku mizani ya mwenye duka.

Utaonja hayo maji na utasema ni chumvi mingi sana. Lakini fikiria: konkombre karibu yote ni maji, asilimia 95. Ukiweka kilo moja na nusu ya konkombre mu lita moja na nusu ya maji yenye gramu 90 za chumvi, ile chumvi inagawanyika kwa wote wawili, kisha siku kadhaa inabaki kama asilimia 3. Hiyo njo nguvu yenye tunatafuta: bakteria za kuozesha zinashindwa, za uchachu zinaishi. Ukipunguza juu unaogopa chumvi, konkombre zinalainika na kuteleza. Ukizidisha sana, zinakunjamana na uchachu unachelewa. Kuko wazee wanapima na yai, wanasema likielea chumvi imetosha, ila yai linaanza kuelea ku asilimia 10 hivi, ni mara mbili ya yenye tunahitaji, kwa hiyo hapana.

Chumvi yenye yodi, yenye tunauziwa hapa, inafaa. Ile dawa ya kuzuia chumvi isigandane inaweza kufanya maji yawe meupe meupe chini, haina neno.

Kupanga mu bokali

Chukua bokali ya kioo ya mdomo mpana, ya mayoneze ao ya konfitire, ya lita moja mpaka tatu. Ioshe na sabuni, isuuze na maji ya moto. Ndoo ya plastiki inafaa kama ilikuwa ya chakula, ile ya rangi ya nyumba usiiguse hata kama imeoshwa mara mingi. Sufuria ya aluminium pia hapana, uchachu na chumvi vinaila.

Sasa jambo dogo lenye linabadilisha yote. Kila konkombre iko na ncha mbili, moja ya kikonyo, ingine kwenye ua lilikuwa, utaona alama ndogo ya kahawia, kavu. Kata ile ya ua, milimita mbili zinatosha. Ndani ya ile ncha kuko kimeng'enya chenye kinayeyusha nyama ya konkombre. Moja tu yenye haukukata inaweza kulainisha na za jirani.

Kwa bokali ya lita tatu:

- konkombre ndogo kilo 1,5 mpaka 1,8
- maji ya chumvi lita 1,5 hivi, tengeneza lita mbili ili yasipunguke
- vichwa 2 ao 3 vya aneti, ao vijiko 3 mpaka 5 vya chai vya mbegu
- punje 6 mpaka 8 za kitunguu saumu, zipondwe kidogo na upande wa kisu
- pilipili manga kijiko kimoja cha chai, mbegu za haradali kijiko kimoja, jani la lorie 2
- pilipili yetu kali 1 ao 2, nzima, bila kupasua kama kuko watoto
- majani makavu ya chai nyeusi, nusu kijiko cha chai

Hayo majani ya chai yana tanini, inasaidia konkombre zibaki ngumu. Ulaya wanatumia majani ya mzabibu ao ya mti wa mwaloni, sisi Kivu tunalima chai, hatuna haja ya kuhangaika. Tafadhali usitie majani ya avoka eti juu nayo ni majani, yale yako na sumu yake.

Nusu ya viungo chini, kisha konkombre zisimame wima, zibanane, usiogope kusukuma na kidole. Safu ya pili juu, viungo vyenye vimebaki, halafu mwaga maji ya chumvi mpaka yafunike na yapite kidole kimoja. Acha sentimita mbili tatu za hewa juu juu yatapanda.

Na hapa njo sheria moja tu yenye hauwezi kuvunja: kila kitu kibaki chini ya maji. Chenye kinatoka juu kinaota ukungu. Kwa hiyo unahitaji uzito. Sisi tumezungukwa na mawe, utapenda kuokota moja la lava hapo nje ya mlango, ila liangalie karibu: matundu matundu, mamia, na mu kila tundu kuko vumbi na uchafu wenye hautatoka hata uchemshe saa nzima. Acha lile kwa ukuta. Tafuta jiwe la mto, laini, zito, lisilo na tundu, ulisugue na ulichemshe robo saa. Ao glasi ndogo yenye inaingia mu mdomo wa bokali. Ao kafuko safi ka chakula, ukajaze maji ya chumvi yale yale (si maji matupu, juu kakipasuka yatapunguza nguvu ya chumvi), ukafunge na ukalaze juu.

Funika bila kukaza. Gesi itatoka, bokali yenye imekazwa inaweza kupasuka. Weka juu ya sahani, juu maji yatamwagika siku za katikati, na sahani ikae ku kona yenye jua haifiki, mbali na mbabula, si juu ya frigo juu pale ni joto.

Siku kwa siku

Siku ya kwanza na ya pili haitatokea kitu, usiguse guse. Ya tatu hivi utaona matone madogo ya hewa yanapanda kando ya kioo, ukigonga bokali yanakimbia juu yote pamoja. Hapo bakteria za kwanza zimeamka, zinakula sukari ya konkombre na kutoa gesi. Maji yanaanza kuwa meupe kama yenye wamesuuza mchele, na wengi wanaogopa hapa wanamwaga. Usimwage! Huo weupe njo dalili kwamba kazi inaenda. Kila siku angalia kama zote ziko chini ya maji, zikielea zisukume na kijiko safi, maji yakipunguka ongeza ya chumvi ya kipimo kile kile.

Rangi nayo inabadilika. Ile kijani kali inageuka kijani ya zeituni, kuanzia ncha. Ku siku ya tano mpaka ya saba toa moja ukate katikati. Utaona nyama ya ndani iko na madoa meupe, na sehemu zingine zimekuwa za kupitisha mwangaza karibu kama kioo. Meupe ni pale maji ya chumvi bado hayajafika. Zikiwa nusu nusu hivyo, ziko chachu kidogo, mbichi kidogo, zinavunjika kwa kelele, kuko watu wanazipenda hapo hapo kuliko baadaye na mi niko kati yao. Ukitaka zilizoiva kabisa ngoja wiki tatu mpaka nne kwa digri 20, mpaka ukikata hauoni doa jeupe hata moja. Majira ya baridi ya usiku, mwezi wa sita na wa saba, ongeza siku kadhaa.

Gesi ikiisha, matone hayapandi tena, kazi ya kwanza imeisha na uchachu umejenga. Mwenye anaweza kupata vikaratasi vya kupimia pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu umepanda) apime: lazima iwe chini ya 4,6. Chini ya pale ile bakteria ya botulizimu, yenye sumu yake inaua, haiwezi kukua. Konkombre zilizochacha muzuri zinashuka mpaka 3,5 hivi. Bila karatasi tumia ulimi na pua: zinapaswa kuwa chachu wazi wazi na zinukie muzuri.

Yenye inatisha na yenye ni ya kutisha kweli

Ngozi nyeupe nyembamba juu ya maji, laini, yenye mikunjo: ni hamira za hewani, haziumizi. Zitoe na kijiko, futa mdomo wa bokali, ongeza uzito. Ukiziacha zinakula uchachu na ladha inaharibika, kwa hiyo usichoke kutoa.

Kitunguu saumu kimekuwa bluu ao kijani: salama. Ni uchachu unakutana na vitu vyenye viko ndani ya kitunguu, kula bila woga.

Manyoya, iwe nyeusi, ya pinki, kijani: tupa. Yote. Usikate pale penye manyoya ukafikiri chini ni safi.

Konkombre inateleza, inapondeka mu vidole, maji yanavutika kama bamiya ao yananuka uozo: tupa bila kuonja.

Tundu katikati ya konkombre: ilikaa sana soko, ao ilikuwa kubwa. Inakulika.

Chumvi imepita ulimi: laza zile za kula leo mu maji safi ya baridi nusu saa kabla ya kuweka mezani.

Kuweka zikae

Zikishafika uchachu wenye unaupenda, kaza kifuniko na tia mu frigo. Baridi inapunguza mwendo, zinakaa miezi mine mpaka sita kama ziko chini ya maji na unatoa ile ngozi nyeupe ikija. Kama umeme wako unaenda na kurudi, hiyo haitaziua ile siku ile ile, zitaendelea kuchacha tu.

Bila frigo kabisa, mi nashauri utengeneze kidogo kidogo, bokali moja ikifika nusu unaanza ingine. Kuchemsha mu bokali kunawezekana, ila kunahitaji vifuniko vipya vya kweli vya kuziba hewa, vile vya zamani vya mayoneze havina uhakika. Mwenye anavyo: chuja maji ya chumvi, uyachemshe dakika 5, panga konkombre mu bokali zenye joto, mwaga maji yakiwa moto, acha sentimita moja juu, funga, zamisha mu sufuria ya maji yenye yanachemka. Na hapa usifuate dakika za vitabu vya watu wa pwani, juu kwetu maji yanachemka ku digri 95 hivi, si 100. Kwa urefu wetu ni dakika 15 kwa bokali ya nusu lita na 20 kwa ya lita moja, ukihesabu kutoka maji yanapochemka tena. Ugumu utapungua kidogo na bakteria za muzuri zitakufa, hiyo njo bei yake.

Ya haraka, na vinegre

Kuko mgeni jumamosi na leo ni jumatano? Chukua vinegre nyeupe, soma karatasi ya chupa: uchachu uwe asilimia 5 ao zaidi. Kama chupa haisemi, iache dukani. Nusu lita ya vinegre, nusu lita ya maji, gramu 30 za chumvi, kijiko cha supu cha sukari. Chemsha. Konkombre zimekatwa, viungo vile vile, bokali imepashwa joto juu kioo cha baridi kikipata maji moto kinapasuka. Mwaga, funga, ikipoa tia mu frigo, kisha siku mbili tatu unakula, ndani ya mwezi mmoja ao mbili uimalize. Usipunguze vinegre chini ya nusu ili kuokoa pesa, juu hapa haungoji bakteria zikutengenezee uchachu, ule wa chupa njo ulinzi wako wote.

Mezani

Na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, za kukaanga zikitoka mu mafuta, kipande cha konkombre kando, hapo utaelewa kwa nini nimeandika yote haya. Na mshikaki wa mbuzi. Na mkate wenye jibini ya Masisi ndani, imekatwa nene, konkombre imekatwa nyembamba. Na maharagi pia, yanapenda kitu chachu. Wenye tensio ya juu mkumbuke kwamba hii ni chakula cha chumvi, kipande kimoja viwili, si sahani.

Maji yenye yanabaki msiyamwage. Yanalainisha nyama ya kuku ao ya mbuzi ukiilaza ndani usiku mmoja kabla ya moto, lakini usitie chumvi ingine. Kwa bokali mpya usiyatumie peke yake, yameshapungua nguvu ya chumvi. Chota vijiko viwili vitatu tu uongeze mu maji mapya ya chumvi, yataanzisha kazi haraka na matone yataonekana siku moja mapema.